Boneti ya Corvette ya 1978: ufa unarudi palepale kila rangi ikipigwa upya. Nianzie wapi?

#1 · Kasi Tulivu

Wakuu habari za wakati huu.

Nina Corvette ya 1978, nyeusi. Kiinjini iko vizuri, shida ni boneti. Kona ya kushoto, upande wa kioo cha mbele, kuna ufa unaoanzia ukingoni kabisa na kuingia ndani kama urefu wa kiganja. Katikati, pale palipoinuka juu ya injini, kuna vinyufa vidogo vimejikusanya sehemu moja. Halafu huku puani rangi yote imechanikachanika, ukipitisha kucha inakwama.

Aliyekuwa nayo kabla yangu aliirudia rangi gari nzima. Baadaye fundi mmoja akashughulikia ile kona ya kushoto: akachimba kidogo, akapiga puti, akapuliza, ikatoka safi. Haikukaa, ufa umerudi mstari uleule. Sasa fundi mwingine ananiambia dawa ni kung'oa rangi yote na kupiga upya. Kabla sijakubali naomba wajuvi mniambie: hii ni shida ya rangi au ya boneti yenyewe? Na faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ndiyo boneti hii) inaungwaje isirudie?

#2 · Siti ya Nyuma

Picha mkuu. Uzi wa gari bila picha ni tetesi.

#3 · Msasa Themanini

Mkuu Kasi Tulivu, umeeleza vizuri kiasi kwamba hata picha zinaweza kusubiri. Una matatizo matatu, siyo moja, na fundi anayetaka kuyatibu yote kwa rangi atakula hela yako bure.

Ufa mmoja mrefu unaoanzia ukingoni ni wa kukunjwa. Kuna nguvu inaikunja hiyo kona kila boneti inapofungwa au gari inapotikisika. Vinyufa vilivyojikusanya sehemu moja ni vya kugongwa: jiwe, kiwiko cha mtu aliyeegemea, au kitu kutoka chini. Na hayo ya puani, yaliyosambaa bila mwelekeo kama tope la bwawa lililokauka, ni rangi nene iliyozeeka. Hapo faiba inaweza kuwa nzima kabisa.

Rangi haina nguvu ya kushikilia chochote. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, huwa ni takriban mikroni 100 hadi 180, yaani chini ya robo ya milimita. Kilicho chini yake kikicheza, rangi inafuata. Kwa hiyo swali la kwanza siyo rangi gani nipige. Swali ni nini kinacheza chini.

Nijibu haya:
Boneti inafunga kwa kubamizwa au kwa kukandamizwa? Unashika wapi?
Injini ni ile ya asili au kuna kitu kimebadilishwa juu yake?
Ukifungua boneti na kutazama kwa ndani, fremu ya ndani bado imeshikana na ngozi ya juu?

#4 · Kasi Tulivu

Shukrani kiongozi. Kufunga huwa naishusha halafu naisukuma na mkono mmoja, na kwa kuwa nasimama upande wa dereva, nashika kona ya kushoto. Injini ni ya asili ila aliyetangulia alibadilisha manifodi ya juu na chujio la hewa. La tatu sijaangalia.

#5 · Gia ya Tano

Mnamzungusha mwenzenu. Chimba, piga puti yenye nyuzi, msasa, praima, rangi, maisha yaendelee. Mimi nimeona magari kibao yametengenezwa hivyo na yanatembea.

#6 · Resini Mbili

@Gia ya Tano yanatembea, sawa. Hata lake linatembea. Analalamika kwamba ufa umerudi, na ulichomwandikia ndicho hichohicho alichofanyiwa.

#7 · Msasa Themanini

Mkuu, jibu lako la kwanza tayari limesema nusu ya habari.

Kwa wasioijua gari hii: boneti ya Corvette ya kizazi hicho inafungukia mbele, bawaba ziko puani, na loki ziko mbili nyuma karibu na kioo, moja kushoto moja kulia, zimeunganishwa kwa waya. Ukisukuma kona moja, loki ya upande huo inashika kwanza, ya pili inabaki juu, kisha boneti nzima inajikunja kuifuata. Fanya hivyo miaka arobaini uone. Boneti hizi zinashushwa taratibu hadi zikae juu ya loki, halafu unakandamiza kwa viganja viwili, kila kimoja juu ya loki yake, kwa wakati mmoja. Mtu yeyote anayekuoshea gari au kukubadilishia oili mwambie kabla hajaigusa.

Sasa kazi ya uchunguzi, haihitaji hata shilingi:

Tazama pini za loki. Pini iliyokwaruzika ubavu mmoja inaingia kwa kulazimishwa, maana yake loki imekaa vibaya. Legeza bolti zake, sogeza, jaribu tena mpaka pini iingie katikati. Paka grisi. Angalia na waya unaounganisha loki mbili. Ukiwa umelegea upande mmoja unachelewa kufunguka, mtu anavuta kona kwa nguvu, na hapo ndipo ufa unapoongezewa.

Tazama vimpira ambavyo boneti inaegemea. Kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, boneti inakaa imepinda muda wote hata gari ikiwa imelala.

Chukua ule udongo laini wa kuchezea watoto. Weka tonge juu ya chujio la hewa, mengine mawili pembeni, tandika nailoni juu yake usichafue, funga boneti, fungua. Pima tonge limebaki unene gani. Likibaki jembamba, injini inagonga boneti, kwa sababu injini hainyamazi mahali pamoja: ukikanyaga mafuta inajiinua upande mmoja, na mauntingi (mipira inayoishikilia injini) zikiwa zimechoka inajiinua zaidi.

Mwisho, sarafu. Gonga taratibu boneti yote kuanzia pale palipo pazima. Sikiliza. Panapolia kwa ukali pako sawa. Panapolia kwa uzito, sauti iliyokufa, kuna tabaka zimeachana au gundi ya fremu imeachia. Zungushia penseli ya nta.

#8 · Mama wa Turbo

Hiyo ya sarafu nafanya hata ninapokagua gari ya kununua. Niongeze: kile kipima unene wa rangi ambacho madalali wanatembea nacho hakisomi chochote kwenye faiba. Vile vya kawaida vinategemea chuma au aluminiamu chini ya rangi. Kwa faiba unahitaji cha mawimbi ya sauti, na wachache wanacho. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepima boneti ya faiba, rangi ni ya kiwandani", muulize kapima na nini.

#9 · Kasi Tulivu

Nimerudi wakuu. Tonge la katikati limekuwa kama karatasi! Kabisa limebanwa. Yale ya pembeni yamebaki manene. Vile vinyufa vya katikati viko juu yake moja kwa moja.

Sarafu: kona ya kushoto inalia kizito eneo la upana wa kiganja. Nimeingiza kisu chembamba cha puti kati ya fremu na ngozi ya juu, kimepita bila kugusa kitu. Pini ya kushoto imekwaruzika upande wa ndani.

Picha nimeweka chini.

#10 · Siti ya Nyuma

Sasa hapo umeweka uzi. Nakaa.

#11 · Resini Mbili

Pole na hongera kwa pamoja kaka, maana sasa chanzo kinajulikana. Ila kabla hujagusa grinda kuna jambo la malighafi, na hapa ndipo kazi nyingi za mafundi wa bodi zinakwama.

Corvette zimekuwa na bodi ya faiba tangu 1953. Lakini faiba siyo kitu kimoja. Zile za mwanzo zilitandikwa nyuzi na resini kwenye umbo. Zako za mwisho wa miaka ya 1970 zimetengenezwa kwa shiti: nyuzi fupi, resini na unga wa chokaa vinachanganywa viwe kama chapati mbichi, vinawekwa kwenye mashine, vinakandamizwa kwa joto hadi paneli inatoka tayari. Ndani ya mchanganyiko huo kiwandani huwekwa dawa ya kuifanya paneli ibanduke kwenye umbo kirahisi. Dawa hiyo iko mwilini mwa paneli, siyo juu tu, na resini ya kawaida ya poliesta haiipendi. Inashika, unapiga msasa, unapaka rangi, unafurahi, halafu joto na mtikisiko vinaibandua taratibu.

Kwa hiyo paneli ya shiti tumia resini ya epoksi, au ile gundi ya sehemu mbili iliyotengenezwa mahsusi kwa paneli za shiti. Nina hakika kabisa fundi wa kwanza alitumia poliesta au puti tupu.

Na ukitumia epoksi, usitandike ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Nyuzi zake zinashikanishwa na kigundi kinachoyeyuka kwenye poliesta tu; kwenye epoksi mkeka unabaki mgumu, haulali. Tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa.

#12 · Gia ya Tano

@Resini Mbili mimi nimeziba boti kwa poliesta na mkeka na liko majini hadi leo.

#13 · Resini Mbili

Boti lilitengenezwa kwa poliesta na mkeka, kwa hiyo umerudisha kilekile. Hata gari ambayo bodi yake ni ya kutandikwa, poliesta inafanya kazi vizuri. Hapa tunazungumzia shiti. Tukikubaliana malighafi, mimi na wewe hatuna ugomvi.

#14 · Fenda la Kushoto

Samahani kuingilia. Mimi nina Lotus Elise, nayo ni ya faiba, ina zile nyufa za nyota, zinatoka kituo kimoja na kusambaa. Hazijatoboka. Nazo hadi epoksi?

#15 · Resini Mbili

Hizo mara nyingi ziko kwenye jelikoti, lile tabaka gumu la nje lisilo na nyuzi. Jelikoti haipindi, nyuzi zinapinda. Mtu akikandamiza kwa kiganja au jiwe likagonga, nyuzi zinarudi mahali pake, jelikoti inabaki na alama. Chimba kituo cha nyota kwa msasa au kibao kidogo cha grinda hadi mstari upotee kabisa. Ukiona mstari unaendelea ndani ya nyuzi, yaani panakuwa peupe hata ukichimba, basi nyuzi zimevunjika, tandika kitambaa upande wa nyuma kwanza. Usijaze nyota kwa rangi wala kwa praima nzito, zitachungulia tena.

Boneti ya mwanzisha uzi haikutoka kiwandani na jelikoti, ndiyo maana nilimtenga.

#16 · Msasa Themanini

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Naandika nikiwa nimekaa, vumilieni urefu.

Rekebisha chanzo kwanza. Chujio la hewa lishuke au libadilishwe, mauntingi za injini zikaguliwe, loki na vimpira virekebishwe. Rudia udongo hadi tonge libaki na unene wa kidole hivi. Bila hapo usiendelee, tafadhali.

Rangi itoke. Usimwage dawa ya kubandua rangi ya chuma juu ya faiba, inaingia ndani ya paneli na hutaitoa, na rangi mpya itapanda malengelenge. Wapo wanaotumia dawa ya faiba. Mimi napenda wembe wa bapa: sugua pembe zake kwenye jiwe ziwe duara kidogo zisichimbe, ulaze chini karibu sambamba na boneti, sukuma. Rangi nene iliyozeeka inatoka vipande vipande, ni kazi tamu ukiizoea. Inayobaki msasa namba 80 kisha 120. Kabla ya msasa wowote futa boneti yote kwa dawa ya kuondoa nta na grisi, ukianza msasa kabla ya kufuta unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo.

Ukifika ukingoni mwa sehemu uliyosugua utaona tabaka kwa mistari: klia (lile tabaka angavu la juu), nyeusi, praima ya kijivu, rangi nyingine, praima nyingine. Hesabu. Utajua mwenyewe kwa nini pua ilichanikachanika.

Kuunganisha fremu. Boneti usiiweke juu ya meza na kuanza kubandika. Ikiwa imepinda mezani utaigandisha na upindo wake. Iache kwenye gari, imefungwa vizuri kwenye loki zilizorekebishwa, uone mwanya wa pembeni umenyooka pande zote, weka alama kwenye bawaba, ndipo uitoe ukiwa na mtu wa pili na kuiegesha kwenye viti vilivyoshika umbo lilelile. Safisha ndani, grisi ya injini ya miaka yote iko pale. Msasa 80 pande zote mbili za gundi. Jaza gundi ya paneli, bana kwa vibanio lakini usikamue, gundi ikitoka yote hakuna kinachoshika. Acha karibu milimita moja.

Ufa. Toboa kitundu cha milimita 3 pale unapoishia, na huo mwisho uko mbele kidogo ya unapoonekana kwa macho. Pakaa thina uache ikauke: mstari unabaki na unyevu baada ya kwingine kukauka, hapo utauona unaishia wapi. Kisha sugua kwa mteremko mrefu kila upande wa ufa. Kanuni ni 12 kwa 1, paneli ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36 kila upande. Watu wanachimba mfereji mwembamba wa V na kuujaza. Huo ni mkono wa gundi wa milimita chache unaoshikilia kona nzima. Mteremko mrefu ndio unaobeba.

Tandika upande wa ndani kwanza, ukikauka geuza, tandika wa juu. Vitambaa vipande vitatu au vinne, kila kimoja kipite mwenzake kama sentimita mbili na nusu. Lowesha, sukuma hewa kwa brashi au roli, funika kwa kitambaa cha nailoni cha kubanduliwa ili juu pabaki pamekwaruzika na safi.

#17 · Mama wa Turbo

Hadena (dawa ya kugandisha) jamani. Epoksi inachanganywa kwa kipimo cha kwenye kopo, kwa mizani. Kuongeza hadena hakuifanyi ikauke haraka, kunaifanya isikauke kamwe, inabaki kama mpira. Poliesta ndiyo inayokubali kuchezewa kidogo, asilimia 1 hadi 2 kutegemea joto. Na usiache epoksi kwenye kikombe kirefu, inajipasha yenyewe hadi inatoa moshi. Imwage kwenye sahani pana.

#18 · Kasi Tulivu

Naomba kuuliza, epoksi ikikauka napiga puti moja kwa moja?

#19 · Resini Mbili

Hapana. Epoksi nyingi zikikauka zinatoa utando wa nta juu, unaonata kidogo ukiugusa. Ukipiga msasa kabla ya kuuosha unausambaza. Osha kwa maji na sponji ya kusugulia, kausha, ndipo msasa. Ukiruka hatua hii puti ya poliesta juu yake inagoma kukauka chini huku juu inaonekana imekauka.

Puti yenyewe iwe nyembamba. Ikizidi milimita 3 baada ya msasa, rudi nyuma, kuna sehemu hukuinyoosha. Usiisugue kwa maji, inanyonya, na maji yale yatatafuta njia ya kutoka chini ya rangi yako.

#20 · Daktari wa Vumbi

Uzi umepita kurasa bila mtu kutaja afya. Naongea kwa uzito.

Vumbi la faiba linakuna ngozi siku nzima, hilo ni usumbufu. Hadena ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kupofusha, hilo ni balaa. Miwani, siyo ya jua. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unajifunza kuikataa, na ukishaikataa huirudii tena bila upele. Glavu za nitrili.

Na klia ya sehemu mbili: hadena yake ina isosayanati. Inaharibu mapafu, inaleta pumu, na haina harufu ya kukuonya kwa wakati. Barakoa ya kitambaa ni mapambo. Kinachotakiwa ni hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kama huna, mpelekee mwenye chumba cha kupulizia, wewe malizia hadi praima. Hakuna aibu.

#21 · Gia ya Tano

Hapo nakubaliana 100%. Kuna jamaa yangu aliacha kupuliza kwa ajili hiyo, sasa akiwa karibu na klia tu anakohoa.

#22 · Miata Mwekundu

Naomba na mimi nipenyeze. Mazda MX-5 ya kwanza, boneti ya aluminiamu. Rangi inavimba ukingoni mbele, siyo nyufa za nyota, ni uvimbe, kisha inapasuka. Njia ni hiyohiyo?

#23 · Msasa Themanini

Si hiyo kabisa. Wewe una kutu ya aluminiamu, unga mweupe chini ya rangi. Inapenda ukingo ule ngozi ya nje inapokunjiwa juu ya fremu, maji yanakaa mle. Sugua hadi aluminiamu ing'ae yote, na msasa mpya usiogusa chuma cha kawaida. Brashi ya waya wa chuma usiisogeze hapo, inaacha chembe zinazoanzisha kutu upya. Grinda ya vumbi la chuma na ya aluminiamu zitenganishwe pia, mavumbi hayo mawili yakichanganyika na cheche yanaweza kuwaka vibaya.

Aluminiamu ikishang'aa inaanza kujifunika oksidi papo hapo, kwa hiyo praima ya epoksi iingie siku hiyohiyo. Na kama kuna ufa wa kweli kwenye bawaba, usimpe fundi wa kuchomelea geti. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Anasubiri iwe nyekundu, inadondoka.

Wa kaboni, najua mnakuja: boneti ya kaboni yenye nyuzi zinazoonekana haiungwi isijulikane. Unaweza kurudisha nguvu yake upande wa ndani, juu utaona kiraka au utapiga rangi. Na ikipasuka pembeni ya loki, usiendeshe nayo kwa mwendo kabla haijashikwa na pini za ziada.

#24 · Fenda la Kushoto

Ya kaboni klia yake inageuka njano ikikaa juani, hiyo je?

#25 · Msasa Themanini

Kama njano iko kwenye klia tu, sugua upige klia mpya yenye kinga ya mionzi. Kama resini yenyewe imegeuka, hapo umeshachelewa.

#26 · Kasi Tulivu

Nimefika mbali wakuu. Chujio limebadilishwa na la chini, tonge sasa linabaki nene. Rangi imetoka kwa wembe: kuna nyeusi, kuna fedha chini yake, halafu nyekundu iliyokolea, na praima katikati ya kila moja. Katikati ufa ulikuwa kwenye puti tu, faiba chini ni nzima. Kona ya kushoto nimeiunganisha, sarafu sasa inalia kali pande zote. Fundi wa rangi yuko tayari kupuliza wiki hii. Nimwache?

#27 · Resini Mbili

Msimamishe. Gari yako ni nyeusi. Boneti nyeusi juani inapanda joto la kuunguza kiganja, na epoksi iliyokauka kwenye kivuli haijawahi kuona joto hilo. Ikiliona mara ya kwanza ikiwa chini ya klia, itasinyaa kidogo na utaona mchoro wa kitambaa ukichungulia kwenye rangi, mistari midogo ya mraba. Watu wanadhani ni kazi ya fundi wa rangi kumbe ni haraka.

Piga praima ya epoksi, kisha praima nzito, halafu iache boneti ikae juani siku kadhaa. Ipige unga mweusi wa kuongozea au pulizia rangi nyembamba ya giza, sugua kwa kibao kirefu na msasa 400. Palipobaki na giza ni bondeni, palipotoka haraka ni kilimani. Mkono bila kibao unafuata bonde, hautakuonyesha.

#28 · Mama wa Turbo

Na ukisugua ukingo wa boneti, nenda taratibu, ndipo praima inapotoboka kwanza. Mimi naubandika tepu ya karatasi hadi dakika za mwisho, natoa tepu, nasugua kwa vidole.

Klia: tabaka mbili hadi tatu za kawaida zinatosha. Aliyetangulia alitaka ing'ae zaidi akaongeza juu ya zilizozeeka, ndiyo yale ya puani. Ukisubiri ikomae, msasa 1500, 2000, 3000 na maji, kisha mashine ya polishi. Usisugue sana, kinga ya jua iko kwenye klia hiyohiyo unayoisugua.

#29 · Kasi Tulivu

Swali la mwisho. Nyeusi hii ni ya kawaida, haina chembe. Boneti ikirudi itatofautiana na madigadi?

#30 · Msasa Themanini

Nyeusi isiyo na chembe ndiyo rahisi kuliko zote kuoanisha, usiumize kichwa. Mwenye fedha au yenye chembe za lulu ndiye mwenye kesi: chembe zinalala kulingana na mkono wa mpulizaji na jinsi paneli ilivyosimama, kwa hiyo fundi analazimika kuingiza rangi kidogo kwenye madigadi na kupiga klia paneli nzima. Kwako tofauti itakuwa ya mng'ao tu, madigadi yamechoka. Polishi madigadi kwanza kabla ya kuilaumu boneti.

Na mwambie fundi apulizie na upande wa ndani pale ulipotandika kitambaa, hata rangi nyembamba. Epoksi tupu ikikaa juu ya injini yenye joto na mvuke wa oili inachakaa.

#31 · Kasi Tulivu

Nimemwambia, amekubali kusubiri jua. Nimebandika pia kikaratasi ndani ya boneti kwa muosha gari: "Viganja viwili, kona zote mbili."